Gari Jeupe Lililopiga Mluzi

Wajanja wengi wa mjini huishi kwa mdomo. Huyu aliishi kwa masikio, na ndiyo maana watu walimwita Sikio. Alishinda kwenye maegesho ya nyuma ya soko, shati limenyooka kwa pasi, akiyasikiliza magari yakiingia. Lenye kasoro ndogo alilitambua kabla halijazima. Basi humwendea mwenye gari, humpa pole kama aliyefiwa, na kabla ya adhuhuri amelinunua kwa bei ya matairi. Sikio hulirekebisha kwa nusu saa, kisha hulipeleka mtaa mwingine likauzwe kwa bei ya gari.

Asubuhi moja liliingia gari jeupe, safi kama sahani ya wageni, limebandikwa karatasi: LINAUZWA. Akashuka mama mmoja wa makamo, miwani mizito usoni. Sikio aliutazama mlango wa dereva. Kioo kilikuwa kimeegemea nje kwa juu, na kati yake na mpira ungeweza kupitisha ukucha. Kazi ya nusu saa tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole sana. Likikimbia linapiga mluzi, au siyo?"

Mama akashtuka. "Umejuaje?"

"Ndiyo kazi yangu. Hebu twende kidogo barabara kuu."

Walipopita kilomita sitini kwa saa, upepo ukaingia kwenye ule upenyo: fyuuuu! Kitambaa cha mama kilipepea, karatasi zikaruka ndani ya gari, na ikabidi wapigiane kelele kama watu wa ng'ambo mbili za mto.

"Mwanangu, kuna jambo nataka nikwambie!" mama akapaza sauti. "Hili gari lina..."

"Nyamaza kwanza, mama! Gari linasema!"

"Lakini..."

"Chesisi!" Sikio akafumba macho kwa uchungu, kisha akayafumbua haraka maana ndiye aliyekuwa akiendesha. "Chesisi imepinda! Uti wa mgongo wa gari, mama! Upepo hauingii bure!"

Waliporudi maegeshoni, mama alivua miwani akaifuta taratibu. "Imepinda sana?"

"Kama ndizi."

"Na wewe umesomea haya mambo?"

"Miaka saba, mama." Na hapo hakusema uongo. Alisoma miaka saba, yote ya shule ya msingi.

"Sasa nani atalinunua?"

"Mwenye akili timamu, hakuna. Lakini mimi nina mama kama wewe, siwezi kukuacha hivi hivi. Unakiona kile kigari cha bluu? Ni changu. Kichukue, niachie huu mkweche nikahangaike nao."

Kile kigari ndicho kitu pekee cha kweli alichokuwa nacho Sikio. Hakikuwa na makuu, lakini kila asubuhi kiliwaka kwa kuzungusha ufunguo mara moja. Thamani yake haikufika theluthi ya lile jeupe.

Mama akasitasita. "Nisije nikaonekana nimemdhulumu mtoto wa mwenzangu."

"Mimi nimeridhika!"

"Basi andika, mwanangu, maana macho yangu yamechoka. Andika kwamba umelikagua mwenyewe, umeona ni bovu, na umelitaka hivyo hivyo."

Sikio akaandika kwa mwandiko wa kupendeza, na neno chesisi akalipigia mstari. Wakabadilishana kadi za magari na funguo. Mama akamwombea heri, akaondoka na kigari cha bluu bila kugeuka nyuma.

Nyumbani, Sikio alivua kava la ndani la mlango, akalegeza nati mbili zinazoshika kioo, akakisukuma ncha ya juu iegemee ndani, akakipandisha mpaka kikazama kwenye mpira. Akafunga mlango juu ya kipande cha gazeti, akakivuta. Kikateleza, maana yake upepo bado ungepita. Akalegeza tena, akaongeza kidogo tu, akakaza. Safari hii gazeti likachanika mkononi mwake. Mkono wake ulikuwa hodari, tumpe haki yake. Angeutumia kwa halali, angekuwa na karakana.

Akaingia barabara kuu. Hamsini. Sitini. Kimya! Hata pumzi yake aliisikia. Akacheka peke yake, akaanza kupanga bei. Akafika sabini.

Ndipo, katika ule ukimya mtamu, akasikia chini ya miguu yake: ng'rrrrr. Kama mtu anayetafuna changarawe. Alipoachia mafuta, ikapungua. Alipokanyaga, ikarudi na wenzake. Sikio hakuhitaji kuambiwa. Ilikuwa giaboksi, nayo ilikuwa inakata roho. Kuibadilisha kungemeza faida yote na kuomba maji ya kushushia.

Kwa anwani iliyokuwa kwenye kadi ya gari, alimkuta mama barazani kwake, akishona kiti cha basi kwa sindano ndefu kama kidole. Miaka ishirini na sita alikuwa akishona viti kwenye karakana ya mabasi, na katika miaka hiyo hakukuwa na mlango wa gari ambao hakuwahi kuufungua.

"Mama, giaboksi imekufa!"

"Najua, baba. Ilikuwa inalia mpaka inaninyima raha, nikakilegeza kioo mwenyewe, angalau upepo uifunike."

"Na hukuniambia?"

"Wiki iliyopita alikuja mwalimu mmoja kuliangalia. Alinisikiliza, nikamweleza yote, akaondoka na hela zake. Na wewe nilianza kukueleza, ukaniambia ninyamaze, gari linasema." Akakata uzi kwa meno. "Nikaona labda kweli limekueleza."

"Lakini mama, umenipa gari bovu!"

"Ulisema mwenyewe ni bovu, ukaandika na kupiga mstari. Au ulikuwa unanidanganya?"

Sikio akaketi kwenye ngazi ya baraza.

Mama alimletea maji baridi. Akayanywa, akashukuru, akarudi garini. Kabla ya kuondoka akashusha vioo vyote vinne mpaka chini.