Mgeni wa Kwanza Asiwe Minko

Jumamosi, 14 Desemba

Zimebaki siku sita Siku ya Mtakatifu Ignat, inayotufungulia mwaka, ifike. Lazima nijipange.

Mwaka jana sikujipanga. Saa mbili asubuhi, hata chai hatujanywa, akaingia Minko wa mlango wa pili. Ndara miguuni, mikono mitupu, anaomba chumvi. Na Tsonka, mke wangu kwa miaka thelathini na moja sasa, akampa! Siku ambayo hakitoki kitu nyumbani, hata njiti ya kiberiti! Atakayevuka kizingiti kwanza siku hiyo ndiye polaznik, mgeni anayekuletea mwaka, na mwaka mzima hufuata miguu yake. Minko ana nyayo bapa. Nimeziona bwawani.

Matokeo? Friji ilikufa Februari. Pipa la kabichi ya chumvi likapasuka kwenye baraza na kumwagikia nguo za watu wa chini. Hayo nimeyasamehe. Lakini Boryana, mtoto wetu wa pekee, alikuwa na tiketi mkononi kule Saragosa, ukungu ukafunga uwanja wa ndege, Krismasi ikapita bila yeye. Pasaka bosi wake akamnyima ruhusa. Ni mwaka na miezi minne sijamtia mtoto wangu machoni. Nimemkumbuka mpaka naona haya kuandika.

Juzi alisema Krismasi hii atajaribu, ila ruhusa bado haijatoka.

Tsonka anasema ukungu wa Hispania haumjui Minko. Wanawake hawajui takwimu. Mimi ni mkaguzi wa mita za maji wa mji wa Sevlievo, mtu wa vipimo, ushirikina sina. Ila kipimo ni kipimo: aliingia Minko, mtoto hakuja. Mwaka huu Minko haingii kwanza.

Jumapili, 15 Desemba

Nimempata polaznik! Daktari Lyuben, daktari wa meno, ghorofa ya chini. Mtu mwenye bahati kuliko wote jengo zima. Alishinda mashine ya kufulia kwenye bahati nasibu ya duka. Gari lake liliteremka mlima peke yake, likasimama kwenye rundo la majani makavu bila mkwaruzo. Ana miaka sitini na moja na nywele zake zote.

Nilishuka kumwomba. Kumbe ana mgonjwa wa dharura na msaidizi wake ana kibarua cha kuzuia watu mlangoni. Akaniuliza jino gani. Ikabidi nitaje jino. Nikajikuta nimelala kwenye kiti, mdomo wazi, pamba shavuni, nikieleza mambo ya Siku ya Ignat kwa irabu tupu. Alielewa neno la tatu baada ya jino la pili kutobolewa.

Amekubali. Ijumaa saa nne kamili, mguu wa kulia mbele, mikono imejaa. Aliomba jambo moja dogo tu, kwamba mita yake ya maji niisome kwa huruma. Nikamwambia mimi ni mtu wa maadili. Tukakubaliana nitaisoma bila miwani.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimeamka na wazo la kutisha. Minko ana ufunguo wetu! Tulimwachia kiangazi amwagilie maua. Kumdai ni kumwonyesha kwamba simwamini. Simwamini, lakini hapaswi kujua.

Basi nimebadilisha kitasa. Fundi alitaka kuja Jumatano, nikasema ya nini fundi, mkono ninao. Saa tatu na nusu za kazi. Skrubu nne zimebaki, ishara kwamba kiwanda huweka za ziada. Mlango sasa unafunguka vizuri sana, ukiuinua kidogo kwa goti na kuuvuta huku umezuia pumzi.

Kitasa kilikuja na funguo mbili. Mmoja ulianguka kwenye shimo la lifti nilipokuwa namwonyesha Tsonka ulivyo mwepesi. Tsonka aliuliza kama kuna kitu kingine ninachopanga kukiboresha wiki hii, ili atoe vyombo vyake vya udongo.

Jumatano, 18 Desemba

Usaliti!

Nimekutana na Minko kwenye lifti. Amebeba boga kubwa, anatabasamu. Akasema anaoka andazi la boga kwa ajili ya Ijumaa, kwa sababu Daktari Lyuben atakuwa polaznik wake, saa tatu na nusu. Yaani nusu saa kabla yangu! Bahati yote ataimwaga kwa Minko, mimi niletewe makombo!

Nikamuuliza kwa utulivu bahati anaitakia nini, mjane, hana mtoto, hana deni, hana hata paka. "Nataka tu mtu aje, Evstati," akasema. Lifti ikafika. Hila hizo nazijua.

Nimeshuka kwa daktari, nimemsogeza hadi saa tatu. Baada ya chakula cha mchana nimesikia Minko naye kamsogeza hadi saa mbili na nusu. Nikashuka tena, saa mbili. Daktari akavua barakoa na kusema kwa mwendo huu itambidi aje jana. Tumemalizia saa moja na nusu kwangu, na jino lingine limetobolewa.

Boryana alipiga simu jioni. Ruhusa bado haijulikani. Moyo uliniuma. Aliuliza mara mbili kama Ijumaa asubuhi tutakuwa nyumbani. Swali gani hilo? Tuwe wapi? Nikamwambia tutakuwepo, ila mlango haufunguliwi kwa kiumbe yeyote kabla ya daktari wa meno. Akacheka mpaka simu ikakatika. Vijana wanaoishi ng'ambo husahau mambo mazito.

Alhamisi, 19 Desemba

Maandalizi ya mwisho. Nimeng'oa kengele ya mlango. Tundu la kuchungulia nimelibandika plasta ili Minko asione mwanga. Simu zote mbili nimezima na kuzitia kwenye kopo la mchele, maana Minko ana tabia ya kupiga kuuliza kama kuna mtu halafu anakuja.

Nimemsomea Tsonka kanuni za kesho. Hakuna kutoka kununua mkate, hakuna kutupa taka, hakuna kuazima mtu kitu, hakuna kuimba jikoni. Nikamuuliza kama ameelewa. Akasema ameelewa tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, ila alikuwa amekwisha vaa pete.

Nalala mapema. Nimefurahi. Kila kitu kimepimwa.

Ijumaa, 20 Desemba, asubuhi

Naandika nimesimama nyuma ya mlango.

Saa moja na dakika ishirini. Nimemwona daktari dirishani! Ametoka nje ya jengo, kikapu cha tufaha mkononi, aingie tena kwa mguu wa kulia kama nilivyomwagiza. Mtu wa heshima.

Saa moja na dakika ishirini na mbili. Daktari ameteleza kwenye barafu ya ngazi. Tufaha zimesambaa hadi kituo cha basi.

Saa mbili kasoro kumi. Gari la wagonjwa limemchukua. Kifundo cha mguu. Hata hivyo dereva wake ni mtu aliyesoma naye, wameondoka wakicheka. Bahati ile! Imeniacha kizingitini!

Saa mbili na nusu. Sina polaznik. Tsonka anapendekeza tufungue tu mlango tuone atakayekuja. Nimemkumbusha atakayekuja ni nani.

Saa tatu na robo. Hatua! Zinatoka kwenye lifti. Nzito, kitu kinaburutwa. Zimesimama mlangoni kwetu. Wanabisha. Nimezuia pumzi. Wanabisha tena. Tsonka kachungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi, nimeweka kidole mdomoni anyamaze. Kuna ufunguo unaingia kwenye kitasa, hauzunguki. Ha! Kitasa kipya! Minko, umenoa!

Mara tano wamebisha. Nimehesabu. Sasa hatua zinavuka kwenda kwa Minko. Mlango wake umefunguka. Kumbe hakuwa Minko, ni mgeni wa Minko aliyekosea mlango. Shukuru Mungu sikufungua. Polaznik wake huyo, na abaki naye, na nyayo zake.

Ijumaa, 20 Desemba, alasiri

Nitaandika yote.

Kupitia ukutani tulisikia kicheko cha mwanamke. Tsonka akaweka mwiko chini polepole. Akasema, "Evstati. Yule ni Boryana."

Nikasema haiwezekani, Boryana yuko Saragosa, ruhusa haijatoka. Tsonka akasema ametuvizia. Akasema mtoto wake anamjua kicheko, kwamba mimi ndiye nisiyemjua. Hilo liliniuma, nikauinua mlango kwa goti na kuvuta. Haukufunguka. Nikavuta tena. Mpini wa kitasa ukabaki mkononi mwangu.

Tukagonga ukuta. Wakaja upande wa pili wa mlango. Mwanangu akaniita, sentimita nne za mbao kati yetu, na mimi nimeshika mpini! Nikalia. Naandika ukweli, nililia. Nikamwambia asukume. Akasema hawezi, Mjomba Minko atasukuma. Nikapiga kelele kwamba mtu yeyote isipokuwa Minko! Tsonka akanitoa mbele ya mlango kwa kunishika sikio.

"Jirani, kaa pembeni," Minko akasema. "Naja kwa bega."

Alikuja kwa bega. Skrubu hazikushika. Mlango wote ukaanguka ndani na Minko juu yake, akateleza nao hadi kwenye zulia la sebule, ndara moja hewani, mikono mitupu. Wa kwanza kuvuka kizingiti. Mwaka wa pili mfululizo!

Boryana akaingia nyuma yake na sanduku lake. Amekonda. Amekata nywele. Alinikumbatia na kusema nanuka grisi. Ufunguo wa zamani ulikuwa bado mkononi mwake. Alikuwa ameutunza mwaka na miezi minne, akasema, ili asibishe hodi kwao.

Tsonka akamkalisha Minko mezani, akamjazia sahani ya maharage na kabichi na kummiminia rakia, pombe kali ya matunda, kama inavyostahili polaznik. Boryana akaenda kuleta andazi la boga. Minko alikula akifuta macho. Akasema kwake nako mwaka huu kaingia mgeni wa heri, msichana aliyekosa kufunguliwa kwao.

Jumamosi, 21 Desemba

Nimeamka na akili safi. Nimefikiri usiku kucha na mambo ni kama ifuatavyo.

Boryana yuko nyumbani. Ni furaha kubwa, sikatai. Lakini hiyo ni bahati ya mwaka uliokwisha, imechelewa tu njiani. Mwaka unaokuja kaufungua Minko, kwa kichwa. Maana yake Krismasi ijayo mtoto wangu haji. Siwezi kukaa mikono kifuani!

Hoja ya kwanza: Minko hakuingia, alianguka. Hoja ya pili: mlango ulitangulia, kwa hiyo polaznik ni mlango. Nilimweleza Tsonka, akatoka chumbani. Nilimpigia daktari hospitalini, mguu u kwenye plasta, akasema hoja zangu ni nzuri na akakata simu.

Ndipo nikakumbuka kalenda ya zamani! Kwa kalenda ya mababu Siku ya Ignat ni tarehe mbili Januari. Siku kumi na mbili mbele! Nafasi nyingine kamili! Daktari atakuwa na magongo, lakini hesabu yangu inasema mguu uliovunjika kwa bahati njema ni bora kuliko miwili ya Minko.

Nimenunua mlango wa chuma. Makomeo matatu, mnyororo, bawaba za ndani. Hata tembo hapiti. Tangu asubuhi niko kizingitini na bisibisi.

Minko kaja kusaidia, nimemwambia apite mbali. Ameingia kwa kuuruka mguu wangu, Boryana kamwita. Wako jikoni wote watatu. Boryana anasimulia mambo ya Saragosa, kuna kijana fulani anayemtaja mara kwa mara, na bosi aliyempa ruhusa kwa sharti. Anaondoka tarehe ishirini na nane. Sisikii vizuri kwa sababu ya nyundo.

Sasa hivi kaja kusimama juu yangu na sahani mkononi.

"Baba, njoo ukae. Nimekuja kukuona wewe."

Nimemwambia haya yote nayafanya kwa ajili yake, ili mwakani aje. Akairudisha sahani jikoni. Ameniita tena mara mbili. Nimemwambia waanze tu kula, mimi naja. Nimebakiza makomeo mawili.