Lori Limepata Spea, Cornelius Je?

Lurambi, Kakamega
Tarehe 14 Novemba, 1966

Kwa Bwana Mkubwa Msimamizi wa Misaada ya Kivita,
Ubalozini, Nairobi.

Bwana Mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watu wa nyumbani kwako. Sisi tupo, ila mvua imezidi.

Mimi ni mama yake Cornelius, dereva wa jeshi. Mwezi wa Julai, huko kaskazini kwenye vita vya shifta, alikanyaga bomu la ardhini akiendesha lori mlilotupatia kama msaada. Lori liliharibika. Cornelius pia aliharibika. Juzi nimesikia redioni kwamba, kwa mkataba wa ushirikiano, chombo chenu kikiharibika vitani mnaleta spea, au mnaleta kingine, na kwamba mahali pa lile lori limeshafika jipya. Nilifurahi. Ndipo nikaona niulize, kwa heshima, kuhusu dereva. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mzoga wa lori ulivutwa kwa minyororo mpaka Nairobi, mafundi wenu wakaupokea. Cornelius alizikwa hukohuko mchangani. Afisa aliyetuletea habari alisema njia ni ndefu na jua ni kali. Njia ni ileile, Bwana, na jua ni lilelile.

2. Nasikia mafundi wanalifungua lori vipande vipande ili kiwanda kijifunze kutengeneza jingine bora. Vizuri sana. Lakini kwangu hakuja mtu kujifunza chochote. Labda ni kwa sababu lori lilikuja na kitabu cha maelezo na Cornelius hakuwa nacho. Basi maelezo yake ni haya: akiingia jikoni kwangu huinama. Hulala mguu mmoja nje ya blanketi, hata wakati wa baridi. Hupenda ukoko wa chunguni kuliko obusuma yenyewe, yaani ugali. Firigisi ya kuku, ambayo kwetu ni ya baba, alikuwa akiiiba na kumpa dada yake Teresa, kisha anapiga mluzi kama mtu asiyejua lolote. Sehemu hizo zote nazihitaji. Msiniletee nusu.

3. Askari mwenzake alituambia kwamba lile bomu nalo lilitengenezwa ng'ambo, nchi jirani na yenu. Lori lenu, bomu la jirani yenu, sisi tukatoa mtu. Silaumu, kila mmoja huchanga alichonacho. Ila hapa Kakamega aliyechangia msiba huja matangani. Tulikaanga karanga, tukatandika mikeka, tukangoja. Swaleh wa Mumias alikuja na sukari kwa baiskeli, na kwenye msiba huu yeye hakuchangia hata msumari. Ninyi mnazo ndege.

4. Kwetu mtu ambaye mwili wake haukurudi, huzikwa gogo la mgomba mahali pake. Shemeji yangu Onesmus alitumwa akalikate. Kwa haraka zake aliung'oa mgomba mzima na mizizi yake, akaja akiuburuta. Wazee walimkemea, wakamuuliza kama hata maiti ya mgomba imemshinda kuandaa. Tukauzika hivyohivyo, pamoja na shati la Cornelius la shule. Sikuridhika. Mgomba ule haukumjua mwanangu. Lori lilimjua, na lilikuwa naye mwisho.

Kwa hiyo, Bwana, ikiwa kiwanda chenu hakitengenezi Cornelius mwingine, naomba mtuletee ule mzoga wa lori tuuzike nyumbani. Vijana wa Lurambi wako tayari kuchimba. Kaburi litakula shamba langu la viazi vitamu pamoja na choo cha Onesmus, naye amekubali, mradi tairi moja libaki juu alikate atengeneze viatu. Mchungaji amesema atasoma sala fupi, kwa sharti kwamba hakuna mtu atakayepiga honi. Wapiga ngoma za isukuti wanauliza kama lori huliliwa kama mzee au kama kijana. Naomba mtujulishe umri wake.

Wasalimie wote kiwandani, hasa yule aliyefunga kiti cha dereva. Mwambie kilikuwa kizuri; Cornelius alikisifu kwenye barua yake. Teresa anawasalimu. Onesmus pia, na anakumbusha tairi.

Wako katika ushirikiano,
Jescah Mideva,
mama yake Cornelius.

Baada ya kusaini: Nilikuwa sijafunga bahasha. Asubuhi hii nimekwenda na vijana kupima kaburi la lori, nikawasimamisha. Ule mgomba wa Onesmus umechipua. Umetoa majani mawili, bado yamejikunja. Teresa ameuzungushia miiba kuku wasiuguse, na Onesmus anatembea kifua mbele kama aliyefanya makusudi. Basi msilete lori, Bwana, litaukanyaga. Spea pia msihangaike. Ila mkihesabu tena redioni vitu vilivyoharibika vitani, naomba mumkumbuke na Cornelius.