Namna Nilivyounganisha Usajili, Maktaba na Kantini

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku njema kupindukia! Mkuu wa idara katangaza kikaoni kwamba chuo kinataka kozi mpya: kuunganisha mifumo ya biashara na kutengeneza programu. Akauliza nani ana uzoefu. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Nikasema nimeunganisha mifumo mingi kama nywele za kichwa changu. Nina upara. Kwa hiyo sikudanganya.

Miaka kumi na moja nafundisha watu kushika kipanya. Kumi na moja! Nikipata uratibu wa kozi hii, kwaheri kipanya.

Bi Jedwali naye kanyosha mkono. Ni mwalimu wa takwimu. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa sababu hata salamu anaipanga kwenye safu. Tumeambiwa kila mmoja apeleke rasimu yake mbele ya kamati Ijumaa. Akanitakia heri. Fitina tupu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mtaala mzima umekamilika kabla ya saa nne asubuhi. Wiki ya kwanza: Ukuu wa Kuunganisha. Wiki ya pili: Ukuu Huo Unaendelea. Kuanzia ya tatu hadi ya kumi na mbili nimeandika "mazoezi".

Nikamsomea mke wangu, fundi cherehani. Hakuacha hata kushona.

"Baba Pacha," akasema, "mwanafunzi wangu akimaliza anaondoka na gauni. Wa kwako ataondoka na nini?"

Swali la kuudhi! Nikamaliza chai yangu. Kisha jibu likanijia: onyesho! Nitaunganisha usajili, maktaba na kantini mbele ya kamati. Mwanafunzi akisajiliwa tu, maktaba inamjua na kantini inamjua. Jedwali ataleta karatasi. Mimi nitaleta muujiza.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimemchungulia Jedwali kantini. Anamhoji mpishi mkuu, anaandika kila neno. Jana alikaa na mkutubi saa mbili nzima. Mtu mzima na shahada zake anamuuliza mpishi anapokeaje oda! Nilicheka hadi nikapaliwa.

Mkutubi akaniuliza kama nami nataka kuelezwa namba zao zinavyopangwa. Nikamwambia, mama, usijisumbue.

Msajili kanipa nakala ya mfumo ya kufanyia majaribio. Nakala ni za waoga. Nimeiunganisha programu yangu kwenye mifumo yenyewe. Mistari arobaini tu, na ikakubali mara ya kwanza! Sikuijaribu tena, nisije nikaiudhi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Saa tatu kamili. Wanakamati sita, projekta inanguruma. Nikabonyeza. Sekunde kumi za utukufu!

Kisha simu ya mkuu wa idara ikalia. Ujumbe ukampongeza kwa kujiunga na uashi, mwaka wa kwanza. Kumbe namba ya kadi yake ya maktaba inafanana na ya mwombaji mmoja.

Akaingia mpishi mkuu na aproni yake, akauliza nani kaagiza sahani mia tatu na arobaini za Misingi ya Sheria ya Kodi, na je, ziwe za moto? Mkutubi naye akapiga simu: mfumo unamtaka mwanafunzi wa mwaka wa pili arudishe supu ya kuku katika hali aliyoichukua. Nikaieleza kamati kwamba huo ndio muunganiko wenyewe.

Wanakamati wawili walikuwa wanafuta machozi ya kicheko. Mimi mwenyewe nilianza kucheka. Ndipo msajili akaja mbio. Nje kuna wanafunzi wapya sitini, na mfumo unadai wote tayari wameazimwa. Msichana mmoja alikuwa analia mlangoni. Kasafiri siku mbili, na usajili unafungwa leo.

Jedwali hakucheka. Alifungua daftari lake la mahojiano. Kumbe kila ofisi inaanza namba zake na moja, na namba moja inaweza kuwa mtu, kitabu au supu.

"Mwalimu, zima kwanza," akaniambia polepole. "Sasa nisomee majina, siyo namba."

Nikazima, nikasoma, naye akaandika, msajili akasajili kwa mkono. Saa saba mchana yule msichana akatoka na kitambulisho chake, ananishukuru mimi! Nikapokea.

Kamati imempa Jedwali kozi. Wiki nne za kwanza ni kuwasikiliza watu wenye mifumo yao.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Barua ya mkuu wa idara: nitasoma kozi ya Jedwali kama mwanafunzi, dawati la mbele. Mke wangu kacheka hadi kapoteza sindano.

Nilimwendea mkuu kwa unyenyekevu. Nikamwambia nimejifunza: kusikiliza kabla ya kugusa, kujaribu kwenye nakala, kutojitapa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nusura sote tulie!

Mara karani akachungulia. Kengele ya vipindi inatakiwa iunganishwe na ratiba ya mitihani. Je, yupo anayejua mambo hayo?

Nikasema kengele ndizo zilizonilea. Kabla hajamaliza kueleza ni ya aina gani, nilikuwa juu ya meza, bisibisi mkononi.