Betri Mbili na Sauti ya Baba

Leo nimemwaibisha marehemu baba yangu mbele ya ukoo wake wote. Mimi kuaibika nimezoea. Yeye hakuzoea, na hayupo hata ajitetee.

Wanakundi wenzangu wa kujifunza umeme, ni Skola wa Namanyere. Mnanijua. Mimi ndiye niliyeuliza ukikata waya, umeme uliobaki ndani unamwagika? (Mlicheka siku mbili. Nilihesabu.) Ndiye niliyeuliza umeme unajuaje njia ya kurudi kwenye betri. Na ndiye niliyeuliza tofauti ya kuunganisha betri mfululizo na kuziunganisha sambamba, mmoja wenu akanichorea mpaka mchoro, nikajibu, "Asante mwalimu, nimeelewa." Sikuelewa. Niliona haya kuuliza mara ya tatu. Balaa lote la leo limetokea hapo.

Baba alifariki mwaka jana, mwezi kama huu. Leo tumefanya misa ya kumbukumbu yake na kusimika msalaba wa saruji, kijijini kwetu huku juu, ambako mwezi wa saba upepo unapenya sweta mbili na kukukuta ndani. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya wa kigango. Alikuwa na besi nzito. Akisema "Tumsifu Yesu Kristo" akiwa mlangoni pa kanisa, aliyeko kisimani anaitikia.

Sauti hiyo hatukuirekodi popote. Picha tunazo, sauti hatuna. Mambo ya simu hakuyapenda. Kilichobaki ni kaseti moja ya zamani, kwaya inaimba na yeye anaanza kwa kusalimia. Mama aliikuta ndani ya sanduku la nguo, imefungwa kwenye foronya.

Sasa sikilizeni kwa nini kaseti hii ilikuwa jambo kubwa. Mama tangu mazishi hasemi sana. Pasaka nilipokwenda kumsalimia, tukiwa tunapepeta ulezi, akasema bila kuniangalia, "Skola, nimeanza kuisahau sauti ya baba yako. Nikiitafuta, inakuja ya mdogo wake."

Nililia njia nzima ya kurudi Namanyere. Nikaapa siku ya misa mama atamsikia mumewe. Redio kaseti ya baba ilikuwepo, ile kubwa yenye spika mbili. Inatumia betri nane kubwa za kawaida. Nane mara moja na nusu, volti kumi na mbili. (Hesabu hiyo niliipata mwenyewe. Nilijiona nimefika.) Betri ya sola ya pale nyumbani nayo ni ya volti kumi na mbili. Unahitaji nini tena?

Kaka yangu Deo, ambaye ndiye mkubwa wetu, alinipigia simu wiki iliyopita.

"Skola, nunua betri nane hukohuko Namanyere. Huku madukani hazipo tena. Uje nazo, uweke, uwashe. Basi."

"Kaka, hayo mambo ya kizamani. Nitatumia sola."

"Nimlete fundi kutoka Sumbawanga?"

"Fundi ni mimi."

Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu.

Ijumaa nilifika, nikaunga waya mbili kutoka kwenye betri ya sola mpaka kwenye redio. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Redio ikawaka! Nikapata taarifa ya habari, nikazima. Kaseti sikuigusa. Nilitaka mtu wa kwanza kumsikia awe mama.

Jana ndugu wakaanza kuingia. Mnajua ndugu wakifika penye sola wanafanya nini. Shikamoo, marahaba, poleni na safari, na chaja imeshatoka mfukoni. Simu kumi na saba! Zilichomekwa tangu jana mchana mpaka leo, na usiku kucha zilipiga muziki na kumulika zikiwa kwenye chaja. Sikusema kitu, maana ya kwanza kuchomekwa ilikuwa yangu.

Tumetoka misani, tumekula, benchi zimepangwa uani. Redio nimeiweka mezani juu ya kitambaa cheupe cha kufuma. Mama amekaa mbele kabisa, kajitanda kitenge kipya. Pembeni yake baba mdogo, yule ambaye sauti yake inamwingilia mama kichwani. Yeye anaishi Ilemba, kule bondeni kwenye joto, kwa hiyo alikuwa amevaa makoti mawili na bado anatetemeka.

Nikaenda kupima betri. (Mita ninayo. Niliinunua kabla sijajua inasoma nini.) Volti kumi! Simu za watu zimeinyonya yote. Nikawasha redio, ikakoroma kidogo ikakata. Nikazichomoa simu zote kwa hasira, huku zikiwa zimeshazima zenyewe, hazina hata alama moja. Watu wananitazama.

Katekista akaniona ninavyohangaika. "Dada Skola, chukua betri ya kipaza sauti cha kigango. Ipo kwenye pikipiki yangu. Imejaa."

Wanakundi, hapa ndipo pa kunizaba kofi. Mtu mwenye akili angetoa betri iliyochoka, akaweka ile nzima, mambo yakaisha. Mimi nikamkumbuka baba.

Baba alikuwa na mwanzi uliopasuliwa katikati. Betri nane za redio zikichoka, hakutupa. Alizianika juani juu ya bati, akazirudisha, halafu akaongeza mbili nyingine kuukuu kwenye ule mwanzi, mkia wa hii kwenye kichwa cha ile, akakaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akaunga waya mpaka kwenye redio. Redio inafufuka. Wengi wa huku mmeona wazazi wenu wakifanya hivyo. Nimekua nikijua hivyo: betri ikichoka, iongezee mwenzake, mkia kwa kichwa.

Nikaona hii itakuwa heshima kwake. Nitaileta sauti ya baba kwa njia ya baba. Nilikaribia kulia kwa jinsi lilivyokuwa wazo zuri.

Nikachukua betri ya mama iliyochoka, nikaichukua ya katekista iliyoshiba, nikaziunga mkia kwa kichwa. Na kwa kuwa watu walikuwa kimya wananitazama, nikaona nitoe na elimu kidogo.

"Ndugu zangu," nikasema, "umeme ni kama maji kwenye mfereji. Ukitaka yafike mbali, unaongeza msukumo."

Baba mdogo akainua mkono kutoka ndani ya makoti yake. "Mwanangu, mimi sijui mambo hayo, nauliza tu. Redio ilikuwa na betri moja. Sasa umeweka mbili. Nguvu haitazidi?"

Watu wakanigeukia. Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuwauliza ninyi, na limetoka kwa mkulima wa mpunga ambaye umeme haujafika kwake. Nikatabasamu. (Lile tabasamu ndilo linaniuma mpaka sasa.)

"Baba mdogo, nguvu ikizidi ndiyo sauti inatoka vizuri."

"Haya," akasema, akarudisha mkono.

Mita ilikuwa mkononi. Kupima kunachukua muda wa kupiga chafya. Mama akasema taratibu, "Anza, mwanangu. Watu wanasikia baridi." Nikaiweka mita chini.

Nikabonyeza.

Mkanda ukaanza kukimbia. Nikasikia mvumo, kikohozi kidogo, halafu baba yangu, mwenye besi ya kufika kisimani, akasema kwa kisauti chembamba cha mbio kama kifaranga aliyekanyagwa:

"Tumsifuyesukristo!"

Na ukoo mzima, kwa mazoea, kwa sauti moja, ukaitika: "Milele amina!"



Halafu shangazi mmoja akapasuka kwa kicheko. Alijaribu kujizuia kwa upande wa kanga, ikashindikana. Benchi zima likafuata. Katekista aligeukia ukutani, mabega yanaruka. Kwaya nayo ikaanza kuimba, sauti zote nne mbio mbio, wimbo wa kuingilia umekuwa wa kufukuzana. Kaka Deo hakucheka. Alikuwa anatazama nyuma ya redio.

"Skola! Moshi!"

Ulikuwa unatoka kwenye matundu ya spika, mweusi, wenye harufu ya plastiki. Mimi nilisimama. Nawaambia ukweli, sikufanya lolote. Miezi minne ya kujifunza, na kuchomoa waya mmoja kumenishinda. Aliyefanya jambo ni baba mdogo. Aliona moshi, mkononi ana kata ya pombe ya ulezi, akaimwaga yote juu ya redio.

"Choo-oo!" redio ikasema, ikafa.

Deo akachomoa waya. Mimi ndipo nikapata nguvu, nguvu zisizo na akili. Nikafungua mlango wa kaseti nikaivuta. Mkanda ulikuwa umejizungusha kwenye vile vigurudumu vya ndani. Nilivuta. Nikasikia kama uzi wa cherehani unavyokatika.

Nikabaki na kaseti mkononi na nyuzi mbili za kahawia zinaning'inia, zinadondosha pombe.

Kicheko kilikatika palepale. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Wakati wanacheka nilikuwa nimeaibika tu. Waliponyamaza nikajua nimefanya nini. Kama kuna mtu angerekodi zile sekunde tatu, tungepata pa kuanzia. Hakuna. Simu zote zimezima, nimezichomoa mwenyewe. Yangu ndiyo pekee iliyokuwa na chaji, na ilikuwa mfukoni, maana nilipanga tumsikie kwanza, turekodi mara ya pili.

Baba mdogo akakaa. Akaitazama kata yake tupu. "Mimi niliuliza tu," akasema.

Deo akanisogelea. Nilitamani anitukane, maana yeye akitukana hukasirika dakika tano na kusahau. Hakunitukana. Alisema, "Betri nane, Skola," akaenda kuwapa watu pole kwa niaba ya familia, pole ya pili kwa marehemu yuleyule.

Nimejificha nyuma ya ghala la mahindi nusu saa nzima, nikaufungua mchoro wenu wa mwezi wa tatu. Sasa nimeuelewa. (Mwalimu, asante. Safari hii kweli.) Ukiunganisha mfululizo, mkia kwa kichwa, volti zinajumlishwa. Ukiunganisha sambamba, vichwa kwa vichwa na mikia kwa mikia, volti zinabaki zilezile. Zile betri za baba kwenye mwanzi zilikuwa makombo, mbili zikijumlishwa zinaziba tu pengo la zile zilizochoka. Mimi nimeongeza betri nzima iliyoshiba. Kumi na kumi na mbili na ushee ni zaidi ya ishirini na mbili, kwa redio inayotaka kumi na mbili. Mota ikakimbia, baba akakimbia nayo, halafu vyote vikaungua. Baba hakuwahi kusoma mchoro wowote, na hakuwahi kuunguza redio.

Jua lilipoanza kushuka, ndugu wa mbali wameshaondoka, nikaenda jikoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, kaseti mapajani, anaupangusa mkanda kwa ncha ya kitenge chake kipya, taratibu, akitoa pumba za ulezi moja moja.

Nikapiga magoti. "Mama, nisamehe."

"Nimemsikia," akasema.

"Ile haikuwa sauti yake, mama."

"Najua si sauti yake. Miaka arobaini nimelala naye, nitaambiwa na wewe?" Akapangusa tena. "Salamu ilikuwa yake. Ile ya kuvuta pumzi kabla ya kusema, ile ilikuwa yake. Ila leo alikuwa na haraka."

Mdomo wake ukacheza kidogo. Nikadhani anacheka, nikafurahi, nikainua uso. Hakuwa anacheka. Nikamshika miguu, tukalia wote wawili, moshi wa kuni ukatusaidia kusingizia.

Baadaye akajifuta, akanyoosha zile ncha mbili za mkanda kwenye kidole, akazitazama kwenye mwanga wa mlango.

"Hao wenzako wa kwenye simu," akasema, "unaowauliza uliza kila siku. Wanaweza kuunga hii?"

Kwa hiyo wanakundi, anayetaka kucheka acheke, nimestahili. Lakini kwanza mnijibu, na ajibu anayejua kweli: mkanda wa kaseti uliokatika unaungwaje? Mama amekaa hapa ubavuni kwangu, kaushika kwa vidole viwili, anasubiri.