Shanga Moja Mfukoni

Jumatatu, 3 Juni
Mkuu wa shule katangaza: atakayeeleza vizuri zaidi jinsi jeni zinavyosomwa, Ijumaa, mbele ya wazazi, ndiye mkuu wa idara ya sayansi. Ofisi! Kiti cha kuzunguka! Miaka yote nasahihisha madaftari kwenye kona ya maabara, karibu na sinki linalovuja. Mpinzani ni mmoja tu, Bi Miwani wa kemia. Biolojia nafundisha mimi. Mambo yameiva.

Jumanne, 4 Juni
Nimetunga shanga. Rangi nne, kwa herufi nne za jeni. Chembe hai husoma tatu tatu. Kila tatu ni neno, na kila neno huita asidi amino moja. Zikiungana, tunapata protini. Neno la mwisho husema: simama. Safi! Bi Miwani naye katunga vilevile. Mwigaji! (Alianza yeye, lakini hilo si hoja.) Wanafunzi walipokwenda kula nikafungua uzi wake, nikabadilisha shanga moja, njano kwa bluu. Kwisha habari yake.

Jumatano, 5 Juni
Mazoezi mbele ya mkuu. Bi Miwani akasoma uzi wake. Asidi amino ileile! Nilibadilisha shanga ya tatu katika neno, na maneno mengi yanatofautiana herufi ya tatu tu, maana ikibaki moja. Jambo hilo nalifundisha kila mwaka! Akasema kwa upole kwamba kuna mkono uliogusa uzi wake, ila jeni husamehe. Mkuu akapiga makofi. Nami nikapiga, nisije nikashukiwa. Mama watoto kasema niache vituko. Hajui vita huyu.

Alhamisi, 6 Juni
Safari hii sibadilishi. Natoa! Ukitoa shanga moja, zote zinazofuata zinasogea, na kila neno linavurugika. Nyuzi zimefunikwa vitambaa, changu cha kijani, chake cheupe. Nikaingiza mkono chini ya cheupe. Shanga iko mfukoni. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Ijumaa, 7 Juni
Balaa! Uzi ulioharibika ni wangu! Nikasoma mbele ya wazazi: neno la pili upuuzi, la tatu likasema simama. Protini imekatika. Nikapaza sauti kwamba hivyo ndivyo herufi moja ikipotea inavyoweza kuvuruga mwili mzima. Wazazi wakasimama wakishangilia! Fundi bomba mmoja alisema leo ndiyo kaelewa kwa nini mwanawe anasoma haya. Nikakabidhiwa ufunguo. Ushindi!

Jumamosi, 8 Juni
Kiti kinazunguka. Bi Miwani, sasa msaidizi wangu, alikuja kunipongeza. Akasema aliniona Jumanne kupitia dirisha, ndiyo maana Alhamisi akabadilisha vitambaa kabla sijaingia, kisha akavirudisha. Akaomba shanga irudi kwenye mkebe wa maabara, yaishe. Maskini, wivu unamtesa. Nikamwambia sijui anazungumzia nini.
Shanga sirudishi. Ina bahati. Nimechungulia ofisi ya mkuu wa shule. Kiti chake ni cha ngozi, na kompyuta kaifunika kwa kitambaa cheupe. Jumatatu nitawahi.