Waridi la Mama Mkwe Ndani ya Barafu

Jumatatu, 4 Machi
Studio mteja mmoja tu. Picha ya pasipoti, naye akafumba macho. Simu zimetumaliza sisi wapiga picha. Lakini maktaba inaandaa maonyesho ya picha na nimepata wazo: maua yaliyogandishwa ndani ya barafu, yamulikwe kwa nyuma. Mke wangu akasema ni wazo zuri. Kisha akauliza kama kaka yake naye anapeleka picha. Shemeji huyo! Anapiga picha za harusi kwa lenzi ndefu kama bomba la maji, basi nyumba nzima haina wimbo mwingine.

Jumanne, 5 Machi
Nimekata mawaridi mawili ya mama mkwe. Yuko kwetu kwa matibabu ya goti, na chungu cha waridi alikuja nacho mapajani safari nzima. Nilichagua yaliyojificha nyuma. Nikayatia kwenye bakuli, nikamimina maji, nikaficha ndani ya friza, chini ya samaki. Jioni akauliza mawaridi yake yamekwenda wapi. Nikasema huenda ni upepo. Akalitazama dirisha. Lilikuwa limefungwa.

Jumatano, 6 Machi
Barafu imetoka nyeupe kama chaki. Mawaridi yameelea, nusu nje, kama watu wanaooga. Shemeji alipita, akacheka mpaka akatafuta kiti. Akanieleza, bila kuulizwa, kuwa maji huchemshwa kwanza ili hewa itoke, kisha humiminwa kidogo kidogo ili ua lishikwe chini. Nikamjibu kwamba najua. Alipotoka tu, nikabandika sufuria.

Ijumaa, 8 Machi
Imekubali. Nilikata waridi jingine, na sasa barafu ni angavu kama kioo, vipovu vimeshika petali kama ushanga. Mke wangu alipoiona aliziba mdomo kwa mkono. Sikumbuki lini mara ya mwisho alitazama kazi yangu hivyo. Nikakimbilia studio kuchukua taa, maana mwisho wa kupeleka picha maktaba ni leo jioni.

Niliporudi, mama mkwe alikuwa kwenye kochi, barafu yangu gotini, imefungwa taulo. Goti lilimvimba, akafungua friza.

“Mwanangu,” akasema, “kumbe ua langu umenitengenezea dawa.”

Mkwe utamnyang'anyaje barafu gotini? Nikasema ndiyo, mama. Shemeji akaingia kumjulia hali, kamera shingoni kama kawaida. Mama akafunua taulo amwonyeshe. Shemeji akapiga picha moja. Moja tu.

Jumamosi, 16 Machi
Maonyesho. Picha ya shemeji iko mlangoni kabisa, watu wamejazana: vidole vya mama mkwe, barafu inayoyeyuka, waridi likianza kutoka. Yangu haipo, sikuwa nayo. Nilisogea nitafute kasoro. Sikuiona. Chini ameandika kwamba barafu ni kazi ya shemeji yake, fundi. Mke wangu akanishika mkono, akasema bila barafu hapo pangekuwa na goti tu. Mama mkwe anamwambia kila mtu jinsi mkwe wake anavyomtunza.

Jumapili, 17 Machi
Nimetafakari kwa utulivu. Nilikosea jambo moja tu: ukubwa. Barafu ya kutosha goti, mtu yeyote ataibeba. Barafu ya ukubwa wa meza haibebeki. Mwenye bucha ana friza la kulaza ng'ombe mzima, na hajui bado kwamba atanikubalia. Jirani ana alizeti ndefu kuliko ukuta wake. Kesho anasafiri.