Mbwana Amepita

Jumatatu, 3 Oktoba 1938

Nimeamua. Lazima niwe tarishi wa boma.

Miaka sita nimenyoa vichwa vya watu hapa kwenye baraza ya Bibi Fatu, barabara ya Handeni, nje kidogo ya Korogwe. Leo mzee Kasmiri, nyapara wa shamba la mkonge, ameniambia binti yake Stefania hataolewa na kinyozi. Ataolewa na mtu wa serikali. Aliyasema hayo nimeshamnyoa nusu ya kichwa. Nusu ya pili niliimaliza kwa adabu.

Mtu wa serikali tunayemjua hapa ni mmoja tu, Mbwana tarishi. Ana kofia nyekundu, baiskeli na mfuko wa barua. Jumatatu huenda Handeni, Jumatano hurudi. Huku hatuna saa, tuna Mbwana. Ameshapita? Bado hajapita. Akipita, Bibi Fatu huepua maharage. Mbwana hana adui hata mmoja.

Hapo ndipo pagumu.

Alhamisi, 6 Oktoba

Kumsingizia wizi sitaki. Nitaitwa shahidi. Lakini nimepata njia isiyo na uongo hata chembe.

Asubuhi mteja aliuliza kama jana Mbwana alipita. Nikasimamisha wembe shingoni pake. Nikatazama barabarani. Nikashusha sauti.

"Alipita," nikasema.

Kisha kimya. Akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, alipita tu. Aliondoka akigeuka nyuma mara tatu. Nimewafanyia hivyo wateja wanane. Na kweli alipita! Nani atanishitaki?

Jumamosi, 8 Oktoba

Neno langu linafanya kazi. Sokoni Kilole nimemsikia mama mmoja akisema mtoto wake ana homa tangu Mbwana apite. Mwenzake akamfinya mkono asiseme kwa sauti. Habari ya homa sikuitunga mimi. Wameongeza wenyewe.

Nimefikiri kwa nini limekubali upesi hivi. Mtu akifanya kosa la ajabu si husema shetani amempitia? Basi neno lilikuwa limeshaelekea huko. Mimi nimelisukuma kidogo tu, kwa kidole.

Jumanne, 11 Oktoba

Jana ilikuwa siku ya Mbwana kwenda Handeni. Bibi Fatu hakuepua maharage. Aliyaacha yaungue, akaingia ndani, akafunga mlango. Barabara nzima watu walikuwa wamemwaga majivu kwenye vijia vya nyumba zao, mstari mnene, ili asiingie.

Mbwana aliomba maji nyumba tatu. Zote tatu wakamjibu kutoka ndani kwamba maji yamekwisha. Akanijia mimi, akauliza watu wana nini. Nikamwambia ni joto.

Nilimpa maji. Mimi si mtu mbaya.

Ijumaa, 14 Oktoba

Neno lenyewe sasa watu hawalitamki wao kwa wao. Hakuna aliyelikataza. Watu wanasema treni imekwenda zake. Mvua ilikuja ikaondoka. Leo mteja wangu wa kwanza alikaa kitini, nikamfunga shuka, nikamuuliza nipitishe wembe wapi. Alitoka mbio na shuka langu shingoni. Wa pili hakuja.

Tena kuna jambo lingine. Juzi Jumatano mimi nilikuwa Kilole kununua sabuni. Bibi Fatu anasema saa sita mchana kengele ya baiskeli ililia upande wa Handeni, ikaja, ikalia hapa mbele ya baraza, ikaendelea kuelekea Korogwe. Alichungulia dirishani. Barabara ilikuwa tupu.

Nilimcheka. Nikamwambia shikamoo Bibi, Mbwana huyo, hukumwona kwa sababu ya jua. Akanitazama. Akasema niende nikaulize bomani.

Nimeuliza. Karani anasema Mbwana yuko Handeni kwake, amelala na homa tangu Jumanne. Juzi hakurudi.

Wakati wa kurudi nimeyaangalia majivu. Kila kijia kina alama ya gurudumu inayoingia kwenye nyumba. Sikuona hata moja inayotoka.

Watakuwa wanataniana tu.

Jumatano, 19 Oktoba

Mbwana amerudi leo, anaisukuma baiskeli. Amekonda. Alikaa kwenye kiti changu, na barazani tukabaki sisi wawili tu. Nilimnyoa taratibu.

"Yordani," akasema, "wewe unashinda na watu. Mimi nimewakosea nini?"

Ningeweza kumwambia. Maneno yalifika mpaka mdomoni. Nikamjibu kwamba watu wana maneno yao, na yatakwisha.

Akasema si watu tu. Mkewe Mashavu amerudi kwao na watoto, hilo ni la watu, angelivumilia. Lakini kuna jingine. Alisubiri nimalize nyuma ya sikio, ndipo akasema.

"Kuna mtu yuko mbele yangu njiani. Kila nyumba ninayofika, wananiambia nimeshapita."

Kazi ameiacha. Mfuko, kofia na baiskeli anavirudisha bomani leo leo. Sikumtoza kitu kwa kunyolewa.

Niliona haya mpaka saa kumi. Kofia yake nilikuwa nimeijaribu alipokwenda kunawa. Inanienea.

Jumatatu, 24 Oktoba

Mimi ni tarishi! Karani alinipa kazi bila kuniuliza swali. Alisema hakuna mwingine aliyeitaka. Aliniambia pia nisikawie njiani, na hakunitazama usoni alipoyasema hayo.

Nimetoka Korogwe jua likichomoza. Hakuna aliyetoka kuiona kofia yangu. Milango imefungwa. Nusu ya safari ya Handeni anakaa Bibi Mwanaidi, ambaye nilimnyolea wajukuu zake wote. Nina barua yake. Nikapiga hodi.

"Umeshapita," akajibu kutoka ndani.

Nikamwambia ni mimi, Yordani kinyozi, leo ndiyo mara yangu ya kwanza.

"Najua sauti yako, mwanangu. Umeshapita. Barua umenipa asubuhi."

Nikafungua mfuko. Barua yake ilikuwemo, na jina lake juu. Nikaipenyeza chini ya mlango. Ikarudishwa nje polepole, pamoja na nyingine inayofanana nayo.

Kwenye majivu yake palikuwa na alama mpya ya gurudumu. Nililiweka langu juu yake. Lilikaa sawasawa, hata pale penye kiraka.

Nyumba zilizobaki nilizifikia bila kupiga kengele.

Alhamisi, 27 Oktoba

Nimerudi jana. Leo nimevaa kofia, nikaenda kwa mzee Kasmiri kuposa. Stefania alichungulia, akaniona, akamwaga majivu kizingitini. Mzee aliongea nami kupitia ufa wa dirisha. Anasema mtu wa serikali hamtaki tena. Anataka mtu anayekaa mahali pamoja. Stefania amechumbiwa na Ernesti, dresa wa zahanati ya shamba. Nikamkumbusha alichoniambia tarehe tatu. Akasema alikuwa amepitiwa, kisha akaushika mdomo wake kwa mikono miwili.

Nimekaa nikafikiri sana mchana kutwa. Sasa nimeona kosa langu. Neno nililochagua lilikuwa kubwa mno. Kila mtu hulitumia, kila kitu hupita, ndiyo maana likanigeukia. Safari hii nachukua neno dogo, la mtu mmoja.

Kazi ya Ernesti ni kupima. Hupima homa, hupima uzito wa watoto, hupima macho. Neno safi la hospitali, halijamdhuru mtu yeyote.

Jioni nilisimama nje ya mlango wa Bibi Fatu. Akaniuliza, bila kufungua, kama nilipotoka huko shambani nimesikia Ernesti amemwona mjukuu wake, yule mwenye kifua.

Nikasogea karibu na mbao za mlango.

"Amempima," nikasema, taratibu.

Kisha nikasikia anaburuta kinu kukiegemeza mlangoni.